Kiti cha Kulia

Ndege ndogo ya mafunzo ina viti viwili mbele, na kila kimoja kina usukani wake. Cha kushoto ni cha anayejifunza. Cha kulia hukaliwa na mkufunzi, ambaye baada ya miezi kadhaa mwanafunzi humzoea hata akajua namna anavyokohoa kosa linapokaribia. Kisha siku moja, baada ya mizunguko michache ya kuruka na kutua bila dosari, mkufunzi hufungua mlango, huteremka, huufunga mkanda wa kiti chake kitupu ili usije ukanasa kwenye usukani, na kumwambia mwanafunzi aende peke yake. Hakuna rubani asiyeikumbuka siku hiyo. Ila makala haya yanahusu siku nyingine, inayofika baada ya saa nyingi zaidi hewani, pale kiti kilekile kinapokaliwa na mtu ambaye mwanafunzi hamjui: mkaguzi, mwenye kalamu, karatasi juu ya paja, na uso usiotoa siri.

Huo ndio mtihani wa kuruka wa leseni ya rubani wa biashara.

Maana ya leseni hiyo ni moja tu: mwenye nayo anaruhusiwa kulipwa kwa kuendesha ndege. Mwenye leseni ya binafsi anaweza kumpakia mkewe, shemeji yake na rafiki wa utotoni akawapeleka Lamu kula samaki, lakini hawezi kuwatoza nauli. Mpaka huu ni wa zamani. Katika Kenya ya miaka ya 1930, chini ya sheria za Waingereza, leseni ya chini iliitwa A na ya juu iliitwa B. Beryl Markham, aliyefundishwa Nairobi na Tom Campbell Black, ndiye mwanamke wa kwanza nchini humo kuipata hiyo B, akaanza kubeba barua na abiria, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Sifa zake zilienea Septemba 1936 alipovuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, akaishia kwenye matope ya Nova Scotia baada ya injini kukosa mafuta. Lakini riziki yake ilitokana na herufi ile moja.

Kati ya A na B kuna nini hasa? Ndege ni ileile, upepo ni uleule. Kinachobadilika ni anayeketi kulia. Rafiki anayepanda bure anamjua rubani wake, amemwona akiwa na hasira, amemwona akiwa na usingizi, na asiporidhika atasema, "Ndugu yangu, leo hapana." Abiria aliyelipa nauli hamjui rubani hata jina. Ameona shati jeupe na mistari ya dhahabu mabegani, akafunga mkanda, akarudi kwenye simu yake. Amekabidhi amana bila kuuliza swali hata moja. Maandalizi yote ya mtihani huu, ukiyatazama kwa makini, ni mafunzo ya namna ya kuipokea amana hiyo.

Katika Afrika Mashariki, mahali pazuri pa kuyaona maandalizi haya ni Uwanja wa Ndege wa Wilson, kusini mwa jiji la Nairobi. Jina hilo ni la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Ndege za madaktari wa AMREF huanzia hapa, watalii wa Maasai Mara hupandia hapa, na katikati ya pilikapilika hizo wanafunzi hupanga foleni na ndege zao ndogo za Cessna kusubiri ruhusa ya mnara. Ng'ambo ya uzio iko Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Makorongo na mwewe hupaa juu ya njia za kurukia kana kwamba nao wamepewa ruhusa.

Jambo la kwanza ambalo Wilson humfundisha mtu ni kwamba hewa haifanani kila mahali. Uwanja uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Katika hesabu zinazotumiwa na marubani dunia nzima, usawa wa bahari hupewa nyuzi 15 za Selsiasi, na joto hupungua nyuzi 2 hivi kwa kila futi 1,000. Kwa hesabu hiyo Wilson ingepaswa kuwa na nyuzi 4. Lakini mchana wa Februari Nairobi hufika nyuzi 25 na kupita. Tofauti ni nyuzi 21, na kila nyuzi moja ya ziada ni kama kuipandisha ndege futi 120. Mtahiniwa huandika pembeni mwa karatasi: 21 mara 120, jumla 2,520. Yaani ndege ingali chini, magurudumu yake yamekanyaga lami, nayo inavuta hewa ya futi 8,000.

Injini ya pistoni isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000. Robo ya nguvu, au karibu na hapo, imekwisha kabla mtu hajawasha chochote. Rafadha nayo inakata hewa nyepesi, na bawa linaiegemea hewa hiyohiyo nyepesi. Ndiyo maana kitabu cha Cessna 172 kinamtaka rubani anayeruka kutoka uwanja ulio juu ya futi 3,000 apunguze kwanza mafuta katika mchanganyiko wa mafuta na hewa, hadi injini itoe mzunguko wake wa juu kabisa. Mwanafunzi wa Mombasa anaweza kumaliza miezi bila kulifikiria hilo. Wa Wilson hulifanya kila siku mpaka mkono unakwenda wenyewe.

Halafu kuna uzito. Cessna 172 ina viti vinne, na viti hivyo vinne vimewadanganya watu wengi. Mafuta ya injini hizi yana uzito wa kilo 0.72 hivi kwa lita. Lita 200 ni kilo 144, sawa na abiria wawili wembamba ambao hawaonekani lakini wamo ndani ya mabawa. Mkaguzi hupenda kuanzia hapo, mezani, kabla hata ya kuitazama ndege. Anatoa mfano: watu wazima watatu pamoja na rubani, mabegi yao, tangi zijae, saa nane mchana, safari ya Mara. Tunaondoka?

Mtahiniwa huchora jedwali, hujumlisha, hutafuta kitovu cha uzito, hufungua kurasa za mwendo wa kurukia. Jibu huwa ni hapana, au ndiyo yenye masharti: mafuta yapungue, au mtu mmoja abaki, au safari isogezwe hadi asubuhi kungali baridi. Mahesabu ni rahisi. Kigumu ni kile ambacho karatasi haikioni, yaani kumtazama mteja aliyelipa, mtu wa umri wa baba yako, na kumwambia, "Mzee, samahani sana, begi hili litakuja na ndege ya jioni." Vijana wetu wamelelewa kutowakatalia wakubwa. Leseni hii inawadai wajifunze kukataa kwa adabu, na wasilegeze neno baada ya kulisema. Hakuna saa za kuruka zinazofundisha hilo; hufundishwa na wakufunzi wanaojua kuigiza mteja mkaidi.

Masharti yenyewe yanajulikana. Kiwango cha chini cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ni umri wa miaka 18, cheti cha afya cha daraja la kwanza, na saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyefuata kozi iliyoidhinishwa. Kuna masomo tisa ya nadharia, kuanzia sheria za anga na hali ya hewa hadi mawasiliano ya redio na jinsi mwili na akili ya binadamu vinavyofanya kazi angani. Kwa familia nyingi kuna sharti jingine lisiloandikwa popote, nalo ni mamilioni ya shilingi. Mtahiniwa anapokaa mbele ya mkaguzi, mara nyingi amebeba shamba la mtu, mkopo wa mtu, au akiba ya chama cha kina mama. Anajua saa moja ya ndege iligharimu nini. Presha ya kufaulu siku hiyo haitoki kwa mkaguzi peke yake.

Sehemu kubwa ya maandalizi haitumii mafuta. Hufanyika usiku, chumbani, juu ya kiti cha plastiki. Mtahiniwa amefumba macho. Mkono wa kushoto umeshika usukani usiokuwepo, wa kulia unasukuma wenzo wa nguvu usioonekana, miguu inakanyaga pedali za hewa. Midomo inataja kila hatua kwa sauti ndogo: mwendo unapanda, vipimo viko sawa, inua pua, tazama nje. Akikosea anarudi mwanzo. Mdogo wake akichungulia mlangoni anaweza kudhani kaka anaswali au ameanza kuchanganyikiwa. Marubani wa ndege kubwa nao hufanya hivi, na faida yake ni kwamba siku mambo yatakapoharibika, mikono itakuwa imekwisha kuyapitia mara mia, na kichwa kitabaki huru kufikiri.

Na hapo kando ya kiti kuna orodha ya ukaguzi, kadi iliyofunikwa plastiki, ambayo kijana mwenye haraka huiona kama kitu cha wanaoanza.

Nairobi ina sababu yake ya kuiheshimu kadi hiyo. Novemba 20, 1974, Boeing 747 ya Lufthansa iliruka kutoka uwanja wa Embakasi kuelekea Johannesburg. Vibao vya mbele ya mabawa, vinavyoisaidia ndege kupaa ikiwa bado na mwendo mdogo, havikuwa vimefunguka, kwa kuwa vali za hewa inayoviendesha zilikuwa zimefungwa. Ndege iliinuka kidogo, ikatetemeka, ikashuka tena ng'ambo ya njia ya kurukia na kuwaka moto. Kati ya watu 157 waliokuwamo, 59 walikufa. Ilikuwa ajali ya kwanza ya Boeing 747 kuua watu tangu ndege za aina hiyo zianze kubeba abiria. Waliokuwa mbele walikuwa marubani wazoefu wa shirika kubwa, wenye saa nyingi kuliko mwanafunzi yeyote wa Wilson. Mkufunzi akiisimulia habari hii mbele ya mwanafunzi aliyeruka mstari mmoja wa orodha yake, hana haja ya kuongeza neno.

Ukaguzi wa nje nao una ibada yake. Mtahiniwa huizunguka ndege kwa mkono kama mfugaji anayempapasa ng'ombe: ukingo wa bawa, misumari, bawaba, matairi, mafuta ya injini. Huchunguza kijitundu cha bomba la kupimia mwendo, kwa sababu nyigu hupenda kujenga humo. Hukinga mafuta kutoka chini ya kila tangi kwenye kikombe kinachoonyesha, akakiinua kwenye mwanga. Mafuta ni ya buluu hafifu. Maji, kama yamo, hukaa chini kama tone la jicho. Mkaguzi husimama mbali kidogo, mikono nyuma, anatazama kama mtahiniwa anaangalia kweli au anagusa tu. Tofauti hiyo huonekana hata kwa mtu asiyejua ndege.

Kabla ya kufika hapa, mtahiniwa amekwisha kwenda mbali peke yake. Sheria inadai safari moja isiyopungua kilomita 540, akitua kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Ramani ya Kenya inatoa pembetatu nzuri: Wilson, Malindi, Mombasa, na kurudi, zaidi ya kilomita 900 kwa jumla. Yeye huandika mpango wa safari katika saa ambazo Mswahili huzihesabu mara tatu. Anaondoka saa tatu asubuhi kwa Kiswahili, saa tisa kwa Kiingereza, na saa sita kwa saa ya Zulu, yaani saa ya kimataifa, ambayo ndiyo pekee inayoingia kwenye fomu. Kisha anapita juu ya nyika ya Tsavo, ardhi nyekundu isiyokwisha, akilinganisha reli na mto na kidole chake kwenye ramani. Akikaribia pwani huanza kushuka, na kadiri anavyoshuka huirudishia injini mafuta aliyoipunguzia. Hewa nzito ya bahari inaipokea ndege. Siku ya kuondoka Malindi, ndege iliyokuwa ikijikokota Wilson inaruka kama imeachiwa kamba.

Malindi ni mahali pazuri kwa rubani kijana kusimama kidogo. Neno analolitaka kwenye leseni yake, rubani, lilifika kwa bahari, kutoka Kiarabu, karne nyingi kabla ya injini. Nahodha alikuwa mwenye amri juu ya chombo. Rubani alikuwa mjuzi wa njia, aliyezijua nyota, miamba na milango ya bandari, naye alichukuliwa kwa ujuzi huo. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata rubani Malindi. Meli ziling'oa nanga Aprili 24, kusi likianza, na kabla siku 30 hazijatimia zilikuwa kwenye pwani ya India. Wapo wanaosema rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, na wanahistoria wengi wanakataa. Lakini hata bila jina, kazi yake inaeleweka. Wageni waliokuwa hawaijui bahari ile waliweka roho zao mikononi mwa mtu waliyekutana naye siku chache tu zilizotangulia. Kwa maana hiyo Waswahili hawakuhitaji kuongeza "wa biashara" kwenye neno lao. Rubani tangu awali ni mtu anayebeba watu wasiomjua.

Kurudi Nairobi kuna somo jingine. Anayerejea kutoka Magadi, chini kwenye Bonde la Ufa, huviona vilima vya Ngong vimesimama mbele yake kama ukuta. Upepo wa mashariki ukivuma, hewa huporomoka upande wa bonde, na ndege dhaifu inaweza kushuka wakati rubani anaamini anapanda. Mkufunzi mzuri humfundisha mtu kukiendea kilima kwa mshazari, si uso kwa uso, ili akizidiwa ageuke mapema bila kuhitaji nafasi kubwa.

Nafasi juu ya Nairobi ni ndogo kuliko inavyoonekana kutoka chini. Asubuhi ya Machi 5, 2024, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 na ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa imetoka Wilson kwenda Diani ziligongana angani. Ndege ya abiria ilirudi ikatua, na wote waliokuwamo walisalimika. Ile ndogo ilianguka katika Hifadhi ya Taifa. Mkufunzi na mwanafunzi wake walifariki. Tangu siku hiyo, wanaojifunza kuruka hapo hupita juu ya nyasi zilezile. Neno "tazama nje", ambalo wakufunzi walilirudia mpaka likachosha, sasa linasikika tofauti. Mtahiniwa anayeinamia vipimo vyake ili mshale usitingishike mbele ya mkaguzi amesahau kwamba kipimo kikubwa kuliko vyote ni kioo cha mbele.

Lakini usahihi unadaiwa, tena kwa tarakimu. Rubani Irene Koki Mutungi alianzia Wilson, ambako alipata leseni yake ya binafsi, kisha akaenda Oklahoma City, Marekani, kupata ya biashara. Mwaka 2014, akiwa Kenya Airways, akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787 Dreamliner. Marekani huchapisha viwango vyake vya mtihani waziwazi, na kuvisoma kunampa mtu picha ya kinachotafutwa. Katika kona kali, ndege hulazwa nyuzi 50 hivi, inazunguka duara zima, kisha jingine kwa upande wa pili. Kimo kisipande wala kushuka zaidi ya futi 100, mwendo usitoke nje ya maili 10 za baharini kwa saa, na mwisho wa duara pua irudi ilikoanzia, tofauti isizidi nyuzi 10. Ndani ya kona hiyo mwili huongezeka uzito: mtu wa kilo 70 hujisikia kama wa karibu kilo 110. Zoezi jingine huanza nguvu ikiwa imetolewa kabisa, ndege ikiwa sambamba na mahali pa kutulia. Mtahiniwa hutaja alama, kisha aipinde ndege nusu duara bila msaada wa injini na kugusa chini ndani ya futi 200 kuvuka alama hiyo. Kuipungukia ni kufeli.

Futi 200 ni kama mita 60. Wengine huona ni ukatili. Lakini atakayepewa kazi ya kwanza kwenye Cessna Caravan ya kwenda Mara atatua kwenye njia fupi za murramu, ambako pundamilia hufukuzwa kwanza ili ndege ipate pa kukanyaga. Mita 60 hapo si kitu cha kuchezea.

Asubuhi ya mtihani, kama ni Julai, huenda mawingu yakawa yamelala juu ya Nairobi kama blanketi la kijivu, Ngong haionekani. Mtahiniwa alilala kidogo. Amevaa shati lililopigwa pasi mara mbili. Ripoti ya hali ya hewa anayo, utabiri anao, ujumbe wa tahadhari kwa marubani ameusoma. Anajua kanuni: katika anga inayoongozwa, anayeruka kwa kuona anahitaji mwono wa kilomita 5, na akae mita 1,500 kando ya wingu au futi 1,000 juu au chini yake. Mkaguzi anatazama dirishani, anakoroga chai, anauliza kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Unaonaje?"

Swali hilo fupi lina uzito kuliko kona zote. Ndege imelipiwa. Mkaguzi amekuja, na hajulikani atapatikana tena lini. Mama ameamka alfajiri kuomba dua. Mtahiniwa ambaye bado ana moyo wa leseni ya kwanza hutafuta jibu ambalo mkaguzi anataka kulisikia. Aliyeiva hutazama wingu lilelile na kusema, "Tusubiri hadi saa nne. Lisipoinuka, leo haturuki." Kuahirisha kwa sababu ya hali ya hewa si kufeli. Wapo wakaguzi wanaosema, wakiulizwa, kwamba sentensi hiyo huwaambia mengi kuliko saa nzima ya kuzunguka angani, na ni rahisi kuwaamini. Mtu aliyeweza kumkatalia mkaguzi ataweza kumkatalia mteja.

Wingu likiinuka, wanakwenda.

Hewani mkaguzi huzungumza kidogo. Huomba kona, huomba ndege ipunguzwe mwendo mpaka honi ya tahadhari ilie na bawa liachie, kisha irejeshwe bila kupoteza kimo kingi. Huangusha kalamu makusudi na kumwomba mtahiniwa amwokotee, aone kama ataiacha ndege kwa ajili ya kalamu. Huuliza jina la mto ule. Halafu, juu ya nyanda za Kajiado, bila kubadilisha sauti, anavuta wenzo wa nguvu hadi mwisho na kusema, "Injini imezimika."

Ukimya hauji mara moja. Rafadha bado inazunguka polepole. Lakini ndege imeanza kuzama. Sasa usiku wote ule wa kiti cha plastiki unarudi. Kwanza endesha ndege: pua ishuke, mwendo ushikwe kwenye maili 68 za baharini kwa saa, ule ambao aina hii ya Cessna huteleza nao mbali kabisa. Kisha pa kutua: upepo unatoka wapi, moshi wa boma lile unalala upande gani, uwanda upi hauna korongo wala mbuzi. Kisha chanzo: mafuta yapo, tangi gani, swichi, pampu. Redio huja baadaye, na abiria asisahauliwe. Kuna watahiniwa wanaofanya yote hayo kwa usahihi na kusahau kumwambia mtu aliyeketi kulia afunge mkanda vizuri na afungue mlango kabla ya kugusa chini. Mkaguzi huandika hilo kwa herufi kubwa. Kwa dakika hizo yeye si mkaguzi. Ni yule aliyelipa nauli, na hakuna mtu aliyemwambia kinachoendelea.

Futi 500 juu ya nyasi anasema, "Sawa, panda." Nguvu inarudi, ng'ombe wachache wanainua vichwa.

Wilson inawapokea katika foleni, nyuma ya Caravan mbili, mbele ya ndege ya madaktari ambayo mnara unaipa kipaumbele. Mtahiniwa anaambiwa azunguke mara moja zaidi asubiri. Anazunguka. Akija kutua anaona yuko juu mno. Sekunde mbili za aibu, kisha anasukuma nguvu yote, anatangaza kwamba anaghairi, anapanda tena. Hatoi udhuru. Mara ya pili magurudumu yanagusa karibu na alama, kwa mlio mdogo wa mpira.

Anaegesha. Anavuta kitufe cha mchanganyiko, injini inakohoa na kunyamaza, na kinachobaki ni mvumo mwembamba wa jairo za vipimo zikizunguka kuelekea kusimama. Mkaguzi anavua vipokea sauti, anakusanya karatasi, anateremka na kutembea kuelekea ofisini bila kugeuka. Mazungumzo yatafanyika huko, mezani, na matokeo pia. Mtahiniwa anaandika muda, anaweka vizuizi kwenye magurudumu, anaifunga ndege kamba. Mikono yake imeanza kutetemeka sasa. Kabla ya kufunga mlango anainama ndani, anaunyoosha mkanda wa kiti cha kulia uliobaki umening'inia, na kuufunga.